Sala ya Dakika Tatu

Hospitalini tulimwita Mzee Giza, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kusafisha picha za eksirei katika chumba kisichoingia mwanga, na alikuwa ameifanya tangu ana miaka ishirini na miwili. Nilipoajiriwa, na cheti changu cha chuo bado kikinukia wino, yeye alikuwa amebakiza miaka mitano astaafu. Kucha zake zilikuwa za kahawia kwa dawa, na alipotoka nje saa za mchana alisimama kwanza mlangoni akikunja uso, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Mkewe alipenda kusema kwamba umeme ukikatika, majirani hutafuta kibiriti, yeye humtafuta mume.

Siku hizi picha hutokea kwenye kompyuta, mtu hachovyi kidole popote. Wakati ule mimi nilimpiga mgonjwa picha chumbani kwangu, kisha nikaipitisha, ikiwa imefungwa ndani ya boksi lake bapa, kwenye kijidirisha cha mbao kilichokuwa kati yangu na Mzee Giza.

"Leta mtoto nimwogeshe," alikuwa akisema kutoka upande wa pili.

Aliitoa gizani kwa kupapasa, akaibana kwenye fremu, akaizamisha katika tangi la dawa. Dakika tatu. Ukiitoa mapema inatoka hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Ukichelewa inakuwa nyeusi na kila kitu kinazama humo, mifupa, moyo, na ugonjwa ulioutafuta.

Juma langu la kwanza nilimwuliza mbona hakuna saa mle ndani.

"Zimeshakufa mbili," alisema. "Mvuke wa dawa unazila. Na zile zinazong'aa gizani zinaharibu picha."

"Sasa unapimaje?"

"Nasali."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alikuwa na sala aliyofundishwa na mama yake, fupi, na aliisema kwa mwendo mmoja, mara tisa kwa kila picha. Fundi aliyemfundisha kazi alihesabu namba, moja hadi mia na themanini, lakini mtu akigonga mlango na fundi akijibu, namba zinampotea, na picha nayo imekwenda. "Sala haipotei," aliniambia. "Ukikatizwa unajua uliishia neno gani."

Aliniambia maneno yenyewe bila aibu, kama anayetaja vipimo: *Umeniamsha, nakushukuru. Umenipa, nakushukuru. Utakachochukua, sitakuuliza. Niweke nilipo, nionyeshe nisichokiona, na mikono yangu isimdhuru mtu.*

Nilimpima kwa saa yangu ya mkononi nikiwa nje ya mlango. Dakika tatu na sekunde mbili. Nikampima tena jioni. Dakika tatu kamili.

Nilicheka, lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa na wasiwasi naye. Sikuwa na dini ya kutajika, na watu wa dini niliwatazama kama ninavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi popote. Picha arobaini kwa siku, sala tisa kila picha. Neno likisemwa mara zote hizo linabaki neno, au linakuwa mguu tu unaotingishwa na mtu aliyekaa?

"Mzee," nilimchokoza siku moja, "ukisali humo unamwambia nani, Mungu au dawa?"

"Wote wananisikia, binti. Ila dawa inajibu haraka."

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha mwanawe wa mwisho, fundi rangi wa miaka ishirini na minne, akaanguka kutoka kwenye kiunzi cha jengo la ghorofa nne na kufa kabla hajafikishwa kwetu.

Nilikwenda msibani. Mzee Giza alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, akipokea mikono ya watu. Kila aliyeinama alimwambia kitu kilekile kwa maneno tofauti: kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, kwamba kijana amependwa zaidi huko alikokwenda, kwamba yeye ni mtu wa imani na atayaweza. Alijibu, "Ndiyo. Ndiyo. Ahsanteni." Nilitafuta usoni mwake dalili ya hasira, nikakosa. Nakiri ilinichukiza. Mkewe alilia mpaka akaishiwa sauti, na wanawake wakamnyamazisha wakimwambia amtazame mumewe alivyo imara.

Baada ya siku saba akarudi kazini. Wauguzi walimsifu kwenye korido. "Unaona mtu anayemjua Mungu?" mmoja aliniambia. "Wengine tungekuwa tumeshalazwa." Niliwaza tu kwamba hata mtu aliyevunjika mguu husimama vizuri ukimpa cha kuegemea, na hapo hujui mguu wake ukoje mpaka umwondolee.

Wiki chache baadaye picha zilianza kuwa nyeusi.

Si zote, na si sana mwanzoni. Kabla ya saa sita zilikuwa nyeusi kidogo, mchana zikazidi. Picha ya eksirei inaweza kuwa nyeusi kwa sababu mbili: aliyeipiga amezidisha mionzi, au aliyeisafisha amezidisha muda. Yaani mimi au yeye. Nilikagua mashine yangu mara tatu. Nilipima joto la dawa, maana joto likipanda dawa hufanya kazi upesi. Lilikuwa sawa. Nikaichanganya dawa upya kwa mikono yangu. Picha zikatoka nyeusi vilevile.

Ikabaki kumshuku mtu. Labda analala mle. Labda ameanza kunywa, maana wangapi wamefiwa wakaishia huko, na chumba cha giza ni maficho mazuri. Asubuhi moja nilisimama karibu naye kuliko inavyofaa, nikavuta pumzi.

"Vipi, binti, ninanuka?"

"Dawa tu, mzee."

"Basi hayo ndiyo manukato yangu, hata mama watoto ameshazoea," alisema, akaingia zake. Nilijisikia mdogo, lakini wasiwasi haukuniondoka.

Siku mbili baadaye daktari mkuu aliniita ofisini. Alikuwa ametundika picha mbili kwenye boksi la taa, zote za kifua cha mwanamke mmoja, mwalimu wa watoto wadogo. Ya kwanza ilikuwa ya wiki tatu nyuma, nyeusi. Mwalimu alipigwa picha ile, akaambiwa mapafu yake ni mazima, akarudi kufundisha. Ya pili ilikuwa ya jana, baada ya kikohozi kumrudisha. Safari hii ilitoka vizuri kiasi, na kwenye pafu la kulia, juu, palikuwa na doa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Daktari alichukua taa ya mkononi akaimulika ile nyeusi kwa nyuma. Doa lilikuwapo. Lilikuwa limezama tu.

"Kifua kikuu," alisema. "Wiki tatu amekaa na watoto darasani. Nami ndiye niliyeandika kwamba ni mzima, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini nataka kujua. Ni mashine au ni mtu?"

"Sijui bado."

"Una wiki moja. Kama ni mashine, nitaandika ibadilishwe. Kama ni mzee, nitamwombea apumzishwe mapema. Inaniuma, yule ni mtu wa Mungu. Lakini akae nyumbani."

Daktari mwenyewe alikuwa kiongozi wa waumini mtaani kwake, na nilijua "kuombea" kwake kuna maana ya barua yenye muhuri. Nilijua pia kwamba Mzee Giza akipelekwa nyumbani atakaa kwenye kile kiti cha msibani mpaka afe.

Kesho yake nilipiga picha ya fungu la funguo zangu, kwa kipimo nilichokijua, nikaipitisha kwenye kijidirisha na kusimama nje ya mlango nikitazama saa. Dakika tatu zikapita. Tatu na nusu. Nne. Nilisikia fremu ikitolewa kwenye dawa dakika nne na sekunde thelathini na tano.

Nikapiga nyingine. Safari hii nilimwomba niingie nayo.

"Ingia, lakini usishike kitu. Na usiniongeleshe," alisema.

Mlango ukafungwa. Mle hamkuwa na mwanga ila taa nyekundu iliyofifia kama ncha ya sigara. Nilisikia boksi likifunguliwa, kibanio kikilia, dawa ikimeza picha. Kisha nikasikia midomo yake. Hakuwa akisema kwa sauti, lakini katika chumba kile hata kope zina kelele.

*Umeniamsha, nakushukuru. Umenipa, nakushukuru.*

Akanyamaza.

Nilidhani amesikia mtu mlangoni. Nilihesabu kichwani: nne, tano, sita. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kukwama. Kumi.

*Utakachochukua, sitakuuliza.* Alilisema haraka, kama anayemeza kidonge. *Niweke nilipo…* Na akaendelea kwa mwendo wake wa zamani mpaka mwisho, akaanza upya. Mara ya pili alisimama palepale. Mara ya tatu palepale. Mara zote tisa, mle gizani, yule mzee alifika mlangoni pa neno lile akasimama, na mimi nikasimama naye, na dawa haikumsubiri yeyote.

Tulipotoka nilimwambia tukae kwenye benchi la korido, pale picha zinapokaushiwa. Nilimwonyesha ya funguo. Funguo zenyewe zilionekana, lakini pembeni kote kulikuwa kumeungua.

"Mzee, sala imerefuka."

"Haijarefuka. Maneno ni yaleyale."

"Kuna mahali unasimama."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa humo."

"Nilidhani nasimama moyoni tu," alisema.

Nikamweleza habari ya mwalimu. Sikumpambia. Nilimwambia doa lilikuwapo tangu mwanzo, na kwamba daktari amenipa wiki. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa maneno ya kumwachia Mungu, na kwa kweli nilitarajia hayo ya pili. Yeye aligeuza mikono yake akaitazama viganja, kisha akaiweka chini ya mapaja kama mtoto anayezuiwa kushika kitu.

"Kwa hiyo nimemfichia mtu ugonjwa wake."

"Hukukusudia."

"Sikuuliza kama nilikusudia."

"Basi uiache," nilisema. "Sala. Isali nyumbani. Mimi nitasimama nje na saa, zikifika tatu nitagonga."

"Na mle ndani nifanye nini?"

"Usubiri."

"Kimya?" Alitikisa kichwa. "Binti, hujui kulivyo mle. Nikinyamaza namsikia mwanangu anavyoita. Sikuwapo alipoanguka, lakini namsikia. Yale maneno ndiyo yanayomfunika."

Nilikuwa nimesubiri jibu kama hilo kwa miaka, na lilipokuja halikunifurahisha. Hata hivyo niliuliza, maana ndivyo nilivyo. "Kwa hiyo huiamini? Ni blanketi tu?"

"Swali hilo niulize nikiwa mzima," alisema, akainuka.

Tulianza siku hiyo hiyo. Nilisimama nje na saa, nikagonga mlango kwa kucha. Picha zikatoka safi, moja baada ya nyingine, kama enzi zile. Yeye alitoka kila mara shingo imemlowa jasho, na hakuniita binti siku nzima. Siku ya tatu nilimkuta ameegemea ukuta baada ya picha ya mwisho, kifua kikipanda na kushuka. Nilimwuliza kama tuache. "Gonga tu," alisema.

Kwa hiyo mwisho wa wiki nilikuwa na jibu la kumpelekea daktari, na jibu lenyewe lilinitia aibu. Ningeweza kusema mashine ilikuwa na hitilafu na sasa imetengemaa. Nani angejua? Nilikuwa nimeshapanga sentensi. Asubuhi ile nilipofika ofisini kwa daktari, nilimkuta Mzee Giza ameshatangulia, amesimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Ameshaniambia yote," daktari alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza, mzee wangu. Shetani hutupima pale tulipo na nguvu. Wewe si wa kufukuzwa. Utaendelea na huo utaratibu wa kugonga, na sisi tutakuombea. Hata leo jioni nitawaambia waumini."

Nilimshuku daktari vilevile. Yeye ndiye aliyeandika *mzima* kwenye karatasi, na msamaha wake ulikuwa mpana kiasi cha kumtosha na yeye mwenyewe.

"Msiniombee kwanza," Mzee Giza alisema. "Nataka nionane na yule mwalimu."

"Hakuna haja ya kumsumbua mgonjwa."

"Anakuja kuchukua vidonge kila asubuhi. Nitamsubiri."

Alimsubiri kweli, kwenye lile benchi la korido, nami nikawa naingia na kutoka nikijifanya nina kazi. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitambaa puani na mdomoni, mkoba wa madaftari begani ingawa alikuwa amezuiwa kwenda shule. Mzee alisimama.

"Mwalimu, samahani. Mimi ndiye ninayesafisha picha hapa. Ile yako ya kwanza niliiharibu. Niliiacha kwenye dawa muda mrefu, ikawa nyeusi, ugonjwa haukuonekana. Haikuwa mashine. Nilikuwa mimi."

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwake. Akaona mvi, akaona kofia mkononi. Nilimwona akilainika.

"Baba yangu, usijitese. Ni mipango ya Mungu. Yeye ndiye anayejua kwa nini."

Hapo niliacha kujifanya nina kazi. Nilijua maana ya maneno yale. Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, wenye kivuli na kiti ndani, na mimi nilikuwa tayari kumwona akiingia akae. Wangapi nimewaona wakiingia hapo.

"Hapana, mama," alisema. "Usimsingizie."

"Simsingizii baba, nasema tu kwamba…"

"Sala yangu iliniponyoka mkononi, nami nikajua siko sawa, nikaendelea na kazi kwa sababu watu walinisifu. Huo si mpango wa mtu mwingine."

"Basi nimeshakusamehe."

"Umesamehe mapema mno. Hujanikasirikia bado."

Mwalimu alicheka kidogo nyuma ya kitambaa, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Kisha kicheko kikamkatikia. Aliushusha mkoba sakafuni.

"Unataka nikukasirikie?"

"Kama unayo hasira."

"Ninayo!" Sauti yake ilipanda, mgonjwa mmoja akageuka. "Karatasi yenu ilisema mzima. Mzima! Mimi nikarudi darasani nikawafuta watoto wa watu kamasi. Thelathini na mmoja. Nilikuwa nawaimbisha, unajua mtu anavyovuta pumzi akiimbisha watoto? Wazazi wao hawanisalimii tena. Na binti yangu, wa miaka mitano, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja kwa sababu nilikuwa mzima. Sasa anameza vidonge, kila asubuhi nambana pua ameze, ananiangalia kama namwua. Nimesema ni mipango ya Mungu kwa sababu nisiposema hivyo nitakuja kuvunja vioo vya hospitali hii. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na bado sijamaliza!"

"Malizia."

Akamalizia. Alisema mambo mengine ambayo sitayaandika, mengine yakimhusu Mungu mwenyewe, na alilia, na kitambaa kikamlowa. Mzee Giza hakumgusa wala hakusema pole. Alisimama wima, hakuegemea ukuta, macho hayakutoka usoni pake. Mwalimu alipokwisha aliokota mkoba wake, akaenda dirisha la vidonge bila kuaga. Alitembea haraka, kama mtu mwenye afya.

Mzee alikaa. Mikono aliilaza juu ya magoti, safari hii hakuificha. Niliketi kando yake.

"Sasa uko nje ya giza," nilimwambia. "Nikuulize lile swali la blanketi?"

"Uliza."

"Bado unasali?"

"Nyumbani. Asubuhi."

"Na lile neno unalisema?"

"Nimelitoa." Alifuta jasho shingoni. "Nilikuwa namwahidi sitauliza. Mama yangu aliweza, mimi siwezi. Sasa namwuliza. Kila siku, kabla sijanawa uso. Namwambia, kwa nini yule, kwa nini kiunzi kile. Mke wangu aliposikia aliogopa, akasema nakufuru. Siku ya pili akaja akapiga magoti pembeni, akauliza na yeye."

"Anajibu?"

"Hajajibu."

"Na unaendelea kuuliza."

"Binti, mtu humwuliza asiyekuwepo?"

Ndiyo, nilitaka kumwambia. Watu huwauliza wasiokuwepo kila siku. Mimi nilikuwa na wa kwangu, na nilijua jinsi chumba kinavyonyamaza baada ya swali. Na bado nilikuwa nimemwona dakika chache nyuma akikataa kiti kilichowekwa kwa ajili yake, na sikujua alikuwa ameshikilia nini. Niliitafuta hila nikakosa, na nilipokosa nikajishuku mimi kwa kuitafuta.

Chumbani kwangu palikuwa na mgonjwa anasubiri, mpiga matofali aliyevunjika kidole. Nilimpiga picha, nikalisukuma boksi kwenye kijidirisha. Upande wa pili mikono ikalipokea. Nilisikia mlango ukifungwa, dawa ikimeza, kisha kimya, kimya kisicho na midomo ndani yake. Nikaenda kusimama nje, nikaweka sikio kwenye mbao na jicho kwenye saa.